Raba za Breki za Baba

Mpaka leo, nikipita karibu na fundi wa baiskeli, harufu ya grisi na solushoni ya viraka hunisimamisha. Wanangu hunicheka. Waache wacheke, hawakumjua Fundi Athmani wa Bondeni.

Tulikaa juu ya Nakuru, upande wa Menengai, kwenye shamba la mzungu ambako Baba alikuwa mkamuaji. Kila Jumamosi alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake tukateremka mjini, na kabla ya sokoni tulipitia kwa Athmani. Baba alipenda hadithi zake. Mimi nilipenda mikono yake. Alinifundisha kuivuta cheni pale mbele kwenye gia: ikiinuka mpaka meno yaonekane, imechoka, ibadilishwe. Raba za breki nazo zina mifereji.

"Mwanangu, mifereji ikifutika, usiulize tena," aliniambia.

Baba alinunua raba mpya, akaziweka kwenye mkebe wa majani chai nyumbani. Zile kuukuu, alisema, bado zina siku zake. Ndivyo alivyokuwa. Hata kiraka cha suruali yake kilikuwa na kiraka.

Mvua zilipoanza, mdogo wangu Wafula akashikwa na kichomi. Asubuhi moja pumzi zikaanza kumkatika. Mama akamfunga mgongoni, akapanda keria ili Baba awakimbize hospitali. Majirani wote walikuwa nje. Nikainama kwa mazoea kutazama gurudumu la nyuma. Raba ilikuwa laini kama ulimi.

"Baba, usiende! Breki zimeisha."

"Toka njiani, Nekesa! Mtoto yuko hivi, na wewe unaniletea maneno ya breki?"

Nikaikumbatia tairi kwa mikono miwili. Jirani mmoja akasema huyu msichana amekosa kiboko. Nililia, lakini sikuachia.

Baba akanitazama. Akashuka, akapitisha kidole kwenye raba.

"Lete ule mkebe," akasema. "Na spana."

Akazifunga haraka, wakaondoka.

Siku ya nne walirudi, Wafula akidai uji. Mama akatusimulia kwamba kwenye kona ya mwisho ya mteremko walikuta ng'ombe wamejaa barabara nzima. Baiskeli ilisimama fahali akiwa anapumulia taa ya mbele.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama sifa yangu: binti wa miaka tisa aliyejua baiskeli kuliko watu wazima. Nilikuwa mama wa watoto wanne ndipo nikaiona kutoka upande wa Baba. Kila dakika aliyotumia kufunga zile raba ilikuwa pumzi ya mwanawe, na nyuma yake majirani walimtazama mwanaume anayemtii msichana mdogo. Kama ningekuwa nimekosea, lawama ingekuwa yake maisha yote. Lakini alinisikiliza.

Sikumshukuru hata siku moja alipokuwa hai. Nilidhani yeye ndiye aliyepaswa kunishukuru mimi.