Benchi Nzima Yangu

Juzi sokoni Dilala, mtaani kwetu, mama mmoja alinifungia karanga kwa ukurasa wa riwaya niliyoijua, ya mfungwa anayetoroka ndani ya behewa. Utotoni niliisoma na Ngalula, jirani yetu, hadi jalada likanuka mawese.

Watu wenye asili ya Kasai, akina Ngalula wakiwemo, walipofukuzwa mkoani kwetu, nilimkuta kituo cha treni amekalia godoro, moshi wa makaa ya kupikia ukituchoma macho. Wivu ulinijaa, mjinga mie.

“Weko na chance, unatoroka sawa ule wa mu kitabu.”

“Ule alitoroka prizo,” akasema. “Siye banatufukuza kwetu.”

Nikacheka, nikamkumbusha arudi Jumatatu, tulikuwa na mtihani wa hesabu.

Jumatatu nilikalia benchi yetu nzima peke yangu. Tena nilifurahia nafasi.