Sindano ya Kiunoni mwa Sultani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi, uani kwangu, hapa Ngamiani, jua ndiyo kwanza limezama, nikiwa macho na akili zangu timamu. Wala mimi si mtu wa kutishwa na vivuli. Shule sikukaa, na chuoni nilitoka na juzuu moja tu. Nilianza na kikapu cha sindano na nyuzi, nikiwauzia manamba kambini kwenye mashamba ya katani, nikaishia na duka, nyumba ya mawe, na magari ya punda yanayobeba mizigo ya mji huu. Wenzangu wakati huo walikuwa barazani wanacheza bao, na mpaka leo wapo palepale.

Nilikuwa pia na farasi. Farasi, nasema, si punda. Nilimnunua kwa meneja mmoja Mgiriki aliyekuwa anarudi kwao, nikamwita Sultani. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Nilipokuwa namwoza binti yangu Zuhura, nilitangaza mji mzima kwamba bwana harusi atakuja kwangu juu ya farasi, si kwa miguu kama wakwe wa watu wengine. Basi harusi Ijumaa, Jumatano farasi kaanguka bandani, miguu ya nyuma imekufa ganzi. Unadhani majirani walihuzunika? Walikuja mmoja mmoja kumjulia hali mgonjwa, kanga mdomoni ili nisiyaone meno.

Bwana mifugo naye alikuja, kaptura imepigwa pasi, akamtazama kwa mbali kama anayeogopa kuchafua soksi. "Huyu kwisha," akasema. "Mpigeni risasi." Elimu hiyo! Kupiga risasi hata mimi naweza, bila cheti.

Alhamisi, nimetoka kuswali magharibi, nikamkuta mtu kasimama mlangoni mwa banda. Kanzu imefifia, miguu mitupu, uso wa kijana wa kuoa juzi. Nyuma yake mbwa wa manjano. Nikamwambia, "Mbwa asisogee, nina udhu." Yule mbwa akakaa. Inzi wa bandani kwangu, niamini, walikuwa hawamwogopi mtu wala moshi. Lakini kwa mbwa yule hakutua hata mmoja. Mimi nikafikiri, mbwa msafi huyu. Na kiunoni mwake kulikuwa na kitu kinameremeta.

"Natoka upande wa Mkwaja," yule mtu akasema. "Nimesikia una farasi anayelala. Nipe sindano, mwanangu."

Mwanangu! Mimi ndevu zina mvi, na yeye hata shikamoo hakunipa.

"Sindano ya kufanyia nini? Unataka kumshonea kanzu?"

"Nataka kumfungulia njia."

Akapiga goti kando ya Sultani, ambaye pumzi zilikuwa zimeanza kukatikakatika, akapitisha kidole juu ya ngozi. Ndani ya mnyama, alisema, mna njia, na si mishipa ya damu. Moja inaanzia pembeni mwa jicho, inapanda utosini, inafuata uti wa mgongo, inashuka mguu wa nyuma mpaka kwatoni. Juu yake kuna vituo. Kikiziba kimoja, mnyama huanguka. Mbwa na farasi njia zao ni zilezile, isipokuwa za farasi ni ndefu.

Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Vituo! Mombo, Korogwe, Muheza, endelea bwana! Na mkiani ndiyo stesheni ya Tanga?"

Hakucheka. "Sindano," akasema.

Mke wangu, Mwanaidi, mtu wa Kigombe, alikuwa amesimama mlango wa uani na taa mkononi. "Baba Zuhura," akaniambia, "jua limekuchwa. Sindano haitoki ndani ya nyumba mpaka asubuhi. Wewe muuza duka, hulijui hilo?"

Nalijua. Nani pwani hii asiyelijua? Muuza duka akiombwa sindano baada ya magharibi husema zimekwisha, hata kama boksi liko mbele ya macho yako. Mimi niliwaona wote wajinga. "Hizi ndizo zilizokujengea nyumba," nikamwambia mke wangu, "leo nije niziogope?" Nikaingia dukani, nikatoka na pakiti ya sindano za magunia, nikamtupia yule mtu miguuni kama unavyomtupia kuku punje.

Akaziokota taratibu. Akachoma chini ya goti. Akachoma pande mbili za uti wa mgongo. Farasi hakushtuka. Ya mwisho akaitia kwenye kile kibonde cha kiunoni, akaizungusha kwa vidole kama mtu anayefungua kufuli. Zile pumzi zilizokuwa zikikatika nikazisikia zimenyamaza.

"Atapona?" nikauliza.

"Atasimama."

"Nimekuuliza, atapona?"

"Nami nimekwambia, atasimama. Hizi nyingine nazitoa. Ya kiunoni usiiguse."

Na Sultani akasimama. Wallahi akasimama, miguu yote minne, wima kama siku niliyomnunua! Yule mtu ujira hakutaka. Akatoka na mbwa wake, na mbwa alipogeuka ndipo nilipoona kile kilichokuwa kinameremeta kiunoni. Ni kichwa cha sindano, na pale ilipozama nyamani imeshika kutu.

Nilijali? Sikujali. Nilikuwa na harusi.

Ijumaa majirani walimeza mate. Bwana harusi alifika juu ya Sultani, vigelegele, ngoma, watoto wanakimbia mbele, na farasi anatembea kimya kama anayekanyaga pamba. Hata fataki hazikumshtua. Wale wa kanga mdomoni wakazishusha. Nilitembea mbele, kifua nje, nikimwangalia kila mmoja usoni.

Mkwe wangu aliposhuka aliniinamia sikioni. "Baba," akasema, "farasi huyu mgongo wake wa baridi. Baridi kama sakafu ya msikiti."

"Ni hofu ya harusi hiyo," nikamwambia. "Ingia ndani ukaoe."

Lakini neno lile halikunitoka. Asubuhi nikaenda bandani. Majani niliyompa tangu Alhamisi yapo. Maji yapo. Mavi hakuna. Sultani kasimama palepale, macho wazi, na inzi, wale inzi wangu, wamejaa ukutani, wamejaa kwenye ndoo, kwake hakuna. Nikaweka kiganja puani mwake. Nikangoja. Nikangoja sana. Hakuna kitu kilichotoka.

Mwanaidi alikuwa nyuma yangu. "Mtoto wa watu umempandisha juu ya maiti," akasema. "Kwa ajili ya macho ya majirani."

Nilikasirika, ndugu yangu, sikuogopa. Mhuni wa miguu mitupu aje anichezee mimi nyumbani kwangu? Nikaishika ile sindano kwa mkono wa kulia, nikaivuta.

Alianguka kama gunia lililokatwa kamba. Na harufu iliyotoka haikuwa ya mnyama aliyekufa sasa hivi. Tulimzika kabla ya adhuhuri, pua zimefungwa vitambaa, na wachimbaji wawili wakatapika.

Siku hizi wananijia watu, wajinga wasioisha. Huyu mbwa wake wa kuwinda kalala, yule punda wake kalemaa. Wanataka niwaonyeshe kile kibonde cha kiunoni, niwaambie yule mtu wa Mkwaja anapatikana wapi. Nawafukuza kwa fimbo. Mnyama wako akitaka kufa, mwache afe. Na jua likichwa, usitoe sindano ndani ya nyumba yako, hata akikuomba mamako mzazi.

Huniamini? Njoo dukani. Nitapaka asali kiganja hiki cha kulia, nikiweke juu ya meza, na wewe ukae uwangoje inzi. Hawatui. Mwanaidi hapokei kitu kutoka mkono huu, na mjukuu wangu nikimshika nao hulia. Ndiyo maana mteja akija nampa mzigo wake kwa mkono wa kushoto, na Ngamiani nzima wanasema tajiri yule hana adabu.

Nikikupa wewe kwa kushoto, usinune. Nakuhurumia.