Mama Mvuke na Chupa ya Shahidi

Saa moja asubuhi, nyuma ya wodi ya wazazi, mwanamke aliyevaa gambuti na aproni ndefu anainama mbele ya kisanduku cha joto kisichozidi ukubwa wa redio. Ndani zimelala chupa mbili ndogo zenye maji ya zambarau. Mlangoni amesimama mkwewe, ncha ya mtandio puani, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

"Ingia, mkwe. Hapa hakuna anayeng'ata."

"Nimeshaingia nusu. Inatosha."

Mwenye gambuti wenzake humwita Mama Mvuke. Kazi yake ni kupokea taka za hospitali nzima, bandeji, mabomba ya sindano na mifuko ya damu, kilo tisini hivi kwa siku, na kuzipika kwa mvuke katika mtambo wenye mlango mzito wa chuma. Joto hufika nyuzi mia moja ishirini na moja. Zilizoingia na maradhi hutoka zimeachana nayo, zikasagwa, zikatupwa kama taka nyingine. Katika miaka kumi na mmoja amechomwa mara moja, na sindano iliyotiwa katika mfuko usio wake. Alimeza dawa mwezi mzima, na usingizi ukamkimbia.

Lakini kijidudu hakionekani kwa jicho, kiwe hai au kiwe maiti. Mtu atajuaje kwamba kimekufa?

Kwa kutumia vijidudu vingine. Ndani ya zile chupa mmetiwa vijidudu hai, visivyodhuru watu lakini sugu kwa joto. Chupa moja hufukiwa katikati ya taka, ikapikwa nazo. Ya pili huachwa nje, isionje mvuke. Kisha zote hulazwa katika kisanduku cha joto, na penye uhai maji hugeuka njano.

"Iliyopikwa ndiyo mshtakiwa, nataka ibaki zambarau," anaeleza Mama Mvuke. "Ya nje ni shahidi, lazima igeuke njano. Shahidi asiposema, hakuna hukumu."

Mkwe hakuja kutafuta elimu. Mwanawe amemuoa binti wa Mama Mvuke, na wote wanaishi kwa mkwe huyo pamoja na mtoto wao wa miezi mitatu. Tangu mtoto azaliwe, Mama Mvuke humtazama mjukuu wake kutoka upande wa pili wa mkeka. Akienda, chai hupewa, mto wa kuegemea hupewa, mtoto hapewi.

"Mikono yako inashika najisi za mji mzima," mkwe alimwambia.

Maneno makali hayavunji mfupa. Mama Mvuke alimwalika aje kuona. Jana mkwe alishuhudia chupa zikiwekwa, akatoa ahadi: "Nikiona kwa macho yangu wamekufa, mtoto nitakupa."

Sasa Mama Mvuke anafungua kifuniko. Chupa zote mbili ni zambarau.

Mkwe anauachia mtandio. "Alhamdulillahi. Wamekufa wote."

Mama Mvuke anagusa ubavu wa kisanduku kwa mgongo wa kiganja. Ni baridi. Umeme ulikatika usiku, na pasipo joto vijidudu havikui, hai na maiti huwa sawa.

"Mkwe, hii haihesabiki."

"Haihesabiki vipi? Si ulisema zambarau ni heri?"

"Ya mshtakiwa. Shahidi naye kanyamaza. Huenda wamekufa, huenda wamelala tu. Narudia, na mifuko ya jana inapikwa tena."

"Ungenyamaza, mimi ningejua nini? Jioni ungekuwa na mtoto mapajani."

"Na ningempakata kwa mikono gani?"

Mkwe anaingia, anaketi kwenye benchi. "Hao wadudu mnawapata wapi?"

"Wanaletwa na bohari, pamoja na dawa."

"Makubwa. Watu tunawakimbia, nyie mnawaagiza."

Mtambo unaanza kunguruma. Mkwe anainuka, anajifunga mtandio vizuri, na kuzungumza huku akiutazama ukuta.

"Alhamisi mtoto ana chanjo. Foleni ya kule unaijua, na magoti yangu unayajua. Mama yake atashika kadi. Wa kumbeba ndiye sijui nani."

"Majibu ya chupa bado, mkwe."

"Nimekuuliza chupa?"

Alhamisi hiyo Mama Mvuke ameshaiombea ruhusa kwa msimamizi wake tangu wiki iliyopita, kwa matumaini tu. Ataoga, atavaa gauni lake la buluu, na atafika kliniki kabla mlango haujafunguliwa.

"Foleni na iwe ndefu," anasema, akivuta glavu zake. "Safari hii simwombi Mungu aifupishe."