Nafasi Kando ya Kaburi la Baba

Kaka yangu alitaka kuona kidonda. Alikuwa ametoka Bukoba na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, akaingia wodini, nikamwamkia, na kabla hajakaa akaniambia nifunue shuka. Nikafunua. Akakuta plasta ndogondogo zimetawanyika tumboni, na moja kubwa kidogo chini ya kitovu.

"Sasa wamepasua wapi?"

"Hapo hapo. Wanatoboa matundu, wanaingiza kamera, wanakata huku wanaangalia kwenye skrini. Uvimbe wameutolea hapo chini ya kitovu."

"Haya," akasema. Kaka yangu akikubali jambo upesi hivyo, ujue hajaliamini.

Mimi homa ya ini nimeishi nayo miaka. Ini limeshajaa makovu, nameza vidonge kila siku, na kliniki ya kupigwa ultrasound sikosi, ndiyo maana saratani ilikutwa ingali ndogo. Daktari alinieleza kwamba mwenye ini lililochoka hivyo akipasuliwa tumbo zima anapata shida kupona. Matundu yana nafuu. Nikamweleza kaka yote hayo, taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa darasa la nne. Kazi bure. Baba yetu alipasuliwa kuanzia kifuani hadi chini, wakakuta ini limeharibika lote, wakamshona wakamrudisha nyumbani afie kwake. Kama baba hakusaidiwa na kisu chote kile, mimi niliyetobolewa tu nimefanyiwa nini? Wamechungulia, wakaogopa, wakafunga. Hivyo ndivyo kaka alivyoamini, na ndivyo alivyowaambia ndugu.

Nilimtuma akamwulize daktari mwenyewe. Akarudi amenywea.

"Hata mimi amenificha," akasema.

Nikarudi kwangu Mkolani. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto hatukujaliwa, kwa hiyo nyumba ilikuwa mimi na redio. Simu za ndugu zilikuja, tena nyingi, lakini wote walizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliokwisha kukaa msibani. Hakuna aliyeniletea umbea. Hakuna aliyeniomba kitu. Hakuna aliyeniuliza nitakwenda nyumbani lini. Na kaka, aliyenigombeza tangu utotoni kwa viatu, kwa ndoa, hata kwa jinsi ninavyoshika jembe, ghafla akawa mpole. Siku moja nikamdanganya makusudi kwamba nimeuza baiskeli ya baba.

"Sawa, mdogo wangu," akajibu.

Niliumia kuliko nilivyoumia wodini. Nilikuwa mpweke, basi, sina neno jingine la kupambia. Nilitaka mtu anigombeze.

Nikasubiri kipimo cha marudio kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Kikatoka kisafi. Daktari akasema niendelee na vidonge na nisiache kliniki, maana ugonjwa huu hurudi, ila kwa sasa hakuna kitu. Nikaona habari hiyo si ya simu. Nikapanda basi, tukavuka daraja la Busisi, na jioni nikawa mlangoni kwa kaka.

"Kaka, nimepona."

"Tumshukuru Mungu," akasema, macho yakiwa chini.

Asubuhi nikatembea kibanjani, kwenye migomba tuliyoachiwa na baba. Kando ya kaburi lake, migomba mitatu mizima ilikuwa imeng'olewa, udongo umesawazishwa, pamefagiliwa. Nafasi ya mtu mmoja. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Hasira zikanipanda. Nikachukua jembe, nikang'oa chipukizi la mgomba, nikalipanda pale pale katikati. Na nikalipanda vibaya, kwa kusudi kabisa: shimo fupi, samadi hakuna, limelala upande. Kaka hajawahi kumvumilia mtu kwa upandaji wa namna ile. Alishawahi kuninyang'anya jembe mbele ya wakwe zangu kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikamsikia anakuja nyuma yangu. Sikugeuka. Nikasubiri matusi yangu.

Akalitazama lile chipukizi kwa muda.

"Umepanda vizuri, mdogo wangu," akasema. Kisha akaenda kuniletea kiti.