Makofi ndani ya Stoo ya Maharagi

"Mama Emérita, uko unapigia nani makofi humo ndani, na hakuna muntu?"

Siku moja jirani yake, Nyiramahoro, alimuuliza hivyo, amesimama mlangoni na kidumu cha maziwa mkononi.  Emérita alipiga kofi jingine, moja tu, akainamisha sikio kama anayengoja mgeni, kisha akasema, "Ninasikiliza linachukua muda gani kufa."

Nyiramahoro akaenda kuwaambia watu wa kijiji chao, Bihambwe, kwamba yule mama wa kwaya ameanza kuzeeka vibaya.

Kumbe kisa kilikuwa dada yake mkubwa, Élisabeth, aliyeko Walikale. Macho yake yamekwisha, na miguu haimfikishi tena kanisani. Njia ya kwenda kwake haiaminiki, basi kila Jumamosi Emérita humsomea Injili ya kesho yake, akiirekodi ndani ya simu, na kumtumia. Na kwa kuwa ni mwimbaji, alichagua kusomea ndani ya kanisa jipya, lile la saruji na mabati. Mule sauti yake hujaa, huzunguka, humrudia ikiwa imenona. Alijisikiliza mara mbili, Mungu amsamehe.

Dada yake akarudisha jibu: "Emérita, hapo muko wangapi munasoma? Mumoja anasema, mwingine anamufwata nyuma kama mwana wa ng'ombe. Sishiki kitu. Kama njo vile utakuwa unasoma, acha tu, kichwa kinaniuma."

Hilo "acha tu" lilimchoma. Bila somo lile, Jumapili ya dada yake ingebaki siku kama siku nyingine.

Ndipo makofi yakaanza. Kanisani, mwangwi wa kofi moja ulikaa hewani mpaka akamaliza kusema "Baba Yetu uliye mbinguni". Sebuleni, penye kuta tupu, ulifika "Baba Yetu". Kwenye stoo, katikati ya magunia ya maharagi, kofi lilikufa kabla hajafungua mdomo. Akafurahi kama aliyempata kondoo wake. Akatundika na blanketi mlangoni, lile la kitandani.

"Sasa mimi nilale na nini?" mume wake Théophile akauliza. "Ao nijifunike Injili?"

"Ingekufaa, Papa," akamjibu kwa upole.

Akasoma, simu karibu na mdomo. Sauti ilitoka kavu, bila pambo lolote. Alijiona amesoma vibaya, lakini akatuma hivyo hivyo.

Jibu la Élisabeth lilianza kwa kicheko mpaka kikohozi. "Leo nimeshika yote, neno kwa neno. Lakini, mudogo wangu, Yesu alisimama mbele ya wagonjwa, akafungua kinywa, akasema: 'Tuko, aksanti sana, na mutoto, alipona?'"

Stoo ile iko kando ya njia ya kwenda kuteka maji, na ukuta wake ni wa mbao. Nyiramahoro alikuwa amepita akasalimia, na Emérita, ambaye hajawahi kuacha salamu ya mtu ianguke chini, aliitikia bila hata kusimamisha simu iliyokuwa ikirekodi.

Jumapili, baada ya matangazo, akaomba ruhusa ya kusimama mbele ya kanisa. Watu wakadhani ni wimbo. Akasema:

"Mama zangu na papa zangu, Jumamosi jioni mukipita kwenye stoo yetu, musinisalimie. Mutanisalimia nikitoka."