Pazia la Mama Mahakamani

Yule askari sijamsamehe, na sina mpango wa kumsamehe. Alikuja kwetu, mtaa wa Jericho, alasiri moja ya mvua, mwanzoni mwa miaka ya themanini, amevaa kiraia, koti linachuruzika maji. Alibisha hodi akadai anamtafuta jamaa yake na amepotea njia. Mama alikuwa mjane, fundi cherehani, mtu wa kanisa. Kwao Ukambani mgeni aliyeloa hahojiwi mlangoni. Alimwambia karibu, akalipokea koti akalianika karibu na jiko, kisha akavuta pazia.

Chumba kilikuwa kimoja, kitanda na viti vimebanana humo humo. Mgeni akiingia, mtu mwenye heshima zake huvuta pazia ili kitanda kisionekane. Jericho nzima ilifanya hivyo, na huyo askari, ambaye naamini alilelewa katika chumba kama hicho, alilijua hilo vizuri.

Alikunywa chai yetu. Alipoinuka aliacha noti chini ya kikombe, akasema ni ya sukari, kama wageni wastaarabu wanavyofanya, na Mama akashukuru. Mimi nilikuwa kiwandani kazini. Haya alinisimulia Mama mwenyewe. Askari alifungua mlango, wenzake wawili wakaingia. Walisema wameambiwa nyumba hiyo ni danguro. Walichukua ile noti, wakaling'oa pazia pamoja na waya wake, eti ushahidi. Mmoja alikuwa anacheka. "Mathe, hii ndiyo tulikuwa tunangoja," alimwambia.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, na mpangaji mwenye hatia ya aina hiyo hakuachwa ndani. Mama alipoachiwa kwa dhamana kungoja kesi, jirani yetu, aliyekuwa karani wa wakili mjini, alimketisha akamfundisha. "Ukisomewa mashtaka, sema si kweli, basi. Usianze kueleza." Akina mama kadhaa wa kanisani walikubali kuja kumtetea. Karani alisema kesi ni nyepesi, maana kila kitu alichobeba askari kina maelezo yake, mradi yasikilizwe.

Mkalimani wa mahakama alisoma mashtaka vipande vipande. Je, alimkaribisha mwanamume asiyemjua? Mama akasema ni kweli. Alimpokea koti? Ni kweli. Alivuta pazia? Alipokea noti? Ni kweli, ni kweli. Nilikuwa benchi la nyuma nikitamani kumziba mdomo. Lakini Mama hakuweza kukana kwamba alimkaribisha mgeni. Kwake huo ungekuwa uongo, na wa aibu. Kisha mkalimani akamuuliza, kwa lile neno chafu lenyewe, kama alifanya yote hayo ili auze mwili.

Mama aligeuka akanitazama. Halafu akamwambia hakimu, "Maneno kama hayo siyajibu mbele ya mwanangu."

Hakimu aliinama akaandika kwamba amekiri. Miaka mingi baadaye wakili mmoja aliniambia kuwa asiyejibu huandikwa amekana, na kwamba kesi ilipaswa kuanzia hapo. Ahsante yake. Mashahidi wetu walirudi nyumbani bila kuulizwa hata majina. Pazia lilikuwa mezani limekunjwa, na hakuna aliyejisumbua kulikunjua aulize kazi yake ni nini.

Mama alifungwa, nyumba ikaenda, mimi nikakodi chumba Dandora. Siku chache baada ya Mama kutoka jela tulikuwa tumekaa naye humo, mvua inapiga mabati, tukasikia mwanamume anabisha hodi. Nilitaka kuinuka. Mama alinishika mkono, akazima redio. Hodi ikarudiwa, ikarudiwa tena, kisha miguu ikaondoka matopeni.

Mvua ilipokatika nilifungua. Mlangoni palikuwa na kiondo cha mbaazi mbichi, kimelowa chote, nami nikakitambua. Kilikuwa cha mjomba, kaka yake Mama wa pekee, aliyetoka Machakos kuja kumpa pole.