Helikopta Niliyoifukuza Wamagana

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, na anga ya Tetu ilikuwa safi hata Mlima Kenya ukaonekana wote, jambo ambalo huku kwetu halitokei kila siku. Imenirudia kwa sababu jana ulikuja hapa Majengo na boksi lako, ukaniambia umenunua droni, utaanza kupiga picha za harusi na za mashamba ya kahawa, na karatasi zitafuata ukishapata wateja. Nilikumiminia chai tu. Ukadhani mzee wako hajaelewa. Nilielewa sana.

Mimi pia nilianza hivyo hivyo. Utacheka nikiuita wakati ule ujana wangu, maana nilikuwa nimeshapata mjukuu, lakini kichwani nilikuwa kijana tena. Studio yangu ya picha pale karibu na msikiti ilikuwa inakufa. Kila mtu ana simu, nani aje kukaa kwenye kiti changu mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji? Nilipoiona droni kwa mara ya kwanza nilijua nimepata pa kushika. Nikanunua moja iliyotumika kutoka kwa mpiga picha wa Nanyuki, akanifundisha kuirusha uwanjani asubuhi mbili, basi. Leseni nilikuwa nayo, ile ya kaunti ya kufungua studio, nimeitundika ukutani kwenye fremu. Kwa ujinga wangu niliona inatosha hata angani.

Jumamosi hiyo niliitwa Wamagana, huko Tetu, kwenye ruracio, upande wa mume umekuja kwa shughuli ya mahari. Mwenye boma alikuwa Mzee Gachanja, mkulima wa chai, mtu mkarimu na mwenye sauti kubwa. Kabla ya kurusha nilimuuliza kama kuna mtu tunayepaswa kumwomba ruhusa. Wewe unawajua wazee wa huku na hati zao za shamba.

"Baba Zuhura, wewe rusha tu," akaniambia. "Hii shamba iko na hati, na jina ni yangu. Kutoka hapa chini mpaka huko juu ni kwangu. Nani atakuuliza?"

Nikaridhika. Nimezaliwa Nyeri, na huku mtu akikuonyesha hati ya shamba, maneno huisha. Haikunijia kabisa kwamba hewa iliyo juu ya chai ya Mzee Gachanja ina watu wengine wanaopita.

Mchana, wageni wakiwa wanakula, tukasikia helikopta. Inatoka upande wa mlima, inashuka. Wewe ni mtoto wa Kenya hii, unajua helikopta ikishuka kijijini siku ya sherehe watu hufikiria nini. Wageni wote wakasimama. Akina mama wakapiga vigelegele hata kabla ya kujua wanampigia nani.

"Ni mheshimiwa huyo," mmoja akasema. "Ati Gachanja alimwita na hakutuambia?"

Gachanja hakuwa amemwita mtu, lakini alijinyoosha koti, akanigeukia. "Piga hiyo ndege, Baba Zuhura. Nataka ionekane ikishuka kwangu."

Droni ilikuwa tayari juu. Helikopta ilikuwa inazunguka uwanja wa shule ya msingi, ng'ambo ya kijito, nami nikaisogeza yangu mpaka juu ya uwanja huo huo niipate vizuri kwa mbele. Nilikuwa na furaha, mwanangu, sikufichi. Nilikuwa nafikiria nitakavyoibandika picha hiyo mlangoni pa studio. Helikopta ikashuka kidogo, ikasita, ikapanda. Ikazunguka tena, ikasita tena, kisha ikainama upande mmoja, ikaondoka kuelekea mjini. Wageni wakakaa. Mmoja akalalamika kwamba waheshimiwa wa siku hizi wana madharau, nasi tukaendelea na nyama.

Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu wakati mwendesha bodaboda mmoja alipoingia bomani na habari. Ng'ambo ya kijito, Mzee Ndirangu alikuwa ameangukiwa na mkaratusi aliokuwa akiukata, na kichwa kimeumia vibaya. Binti yake, Nyawira, ni mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Nanyuki, na mwajiri wake alikuwa ametoa helikopta imchukue baba yake pale uwanjani, jirani na kituo cha afya, impeleke Nairobi. Rubani aliona kitu kinaelea mahali anapotaka kutua, akaogopa kitaingia kwenye mapanga ya helikopta, akaenda kutua mjini. Mzee akapakiwa kwenye pikapu akimbizwe huko. Alikata roho njiani.

Niliiweka droni chini kwenye nyasi. Gachanja aliniangalia, akaangalia chini.

Kesho yake asubuhi nilijipeleka polisi na droni mkononi. Askari aliniomba karatasi, nikampa ile leseni ya kaunti, na fremu yake. Aliisoma, akaigeuza nyuma aone kama kuna kingine kimeandikwa. "Mzee, hii ni ya duka," akaniambia kwa upole. Nilishtakiwa, nikaadhibiwa, droni ikachukuliwa. Hayo yalipita.

Lililoniwia gumu ni kwenda kwa mjane. Nilikwenda siku ya nne, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai wakinywa chai. Nikajitaja mimi ni nani. Mama Nyawira, mjane mwenyewe, akaniita karibu na kiti chake.

"Hiyo kitu yako ilikuwa inatafuta nini huko juu?"

"Picha, mama."

"Iko wapi?"

Picha za video zilikuwa zimebaki kwenye simu yangu. Sikutaka kumwonyesha, lakini alikuwa ameshanyoosha mkono. Tukatazama pamoja. Helikopta inakuja, inasita, inageuka. Akaniambia nisimamishe hapo. Chini pembeni, kwenye nyasi, kulikuwa na watu wanne wameshika blanketi kila mmoja pembe yake, na juu ya blanketi mtu amelala. Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi na sikuwa nimewaona, macho yangu yote yalikuwa kwa helikopta. Mtu yule alikuwa ameinua mkono, anajikinga jua usoni.

"Ni yeye," akasema. "Waliniambia alikuwa hajui chochote. Ona, anaziba jua."

Akataka niirudie, nikairudia, tena na tena. Kisha akanirudishia simu. "Sijui nikuambie nini, mzee. Enda tu nyumbani."

Mpaka leo natamani angenitukana. Daktari alisema labda Mzee Ndirangu angekufa hata kama angefika Nairobi. Watu hunikumbusha neno hilo kunifariji. Mimi linaniumiza, kwa sababu hakuna mtu duniani atakayenijulisha ukweli wake, na nitakwenda nalo kaburini.

Mwaka uliofuata nilikwenda chuo cha kufundisha urubani wa droni, na mvi zangu zote, nikakaa kati ya vijana wa rika lako. Sikuwa na nia ya kurusha tena. Nilitaka kujua nilichokuwa sikijui. Siku ya kwanza, kabla hatujafungua daftari, mwalimu akasema: mkisikia ndege yenye watu, yenu ishusheni. Basi. Maneno ya kueleweka hata na mtoto wa chekechea. Nilitoka nje nikalia nyuma ya darasa, kisha nikarudi nikayaandika.

Kwa hiyo, mwanangu, lifunge hilo boksi kwanza. Nenda kwa mamlaka ya usafiri wa ndege, mtambo wako usajiliwe. Kasome upate leseni ya urubani, halafu uombe cheti cha biashara yenyewe, maana hivyo ni vitu viwili na mimi sikuwa na hata kimoja. Kata bima, ukimuumiza mtu asiachwe na maumivu yake peke yake. Na kila utakapoitwa, omba ruhusa ya kuruka mahali hapo, hata mwenye shamba akikuletea hati yake kwenye sahani. Itachukua muda, na utanuna. Wateja wengine watakukimbia waende kwa yule asiyeuliza maswali. Waache waende. Ruhusa hiyo unayoiona usumbufu wa maofisi ndiyo inayomjulisha mtu usiyemwona kwamba upo pale, naye akujulishe kwamba anapita. Mimi sikumjulisha mtu, na Mzee Ndirangu alilala kwenye nyasi akisikia msaada wake ukienda zake.

Nakuombea kwa Mungu akupe kazi, na subira ya kuingojea. Kila utakachokipandisha akishushe salama mikononi mwako. Na akuepushie kuketi siku moja kando ya mjane, simu mkononi, ukimrudishia picha ya mumewe akiwa bado hai.